Ujomba Haustaafiwi

Siku ninayoikumbuka kuliko nyingine, mwanangu, ni ile dada yangu Somoe alipoingia chumbani kwangu Nachingwea akakosa pa kukaa. Alisimama mlangoni na kapu la mihogo mkononi, akatazama kuta, akatazama sakafu.

"Kaka, wezi wameingia lini?"

"Hakuna mwizi. Nimepunguza vitu."

"Umepunguza mpaka kiti cha mgeni?" Akacheka, akaipindua ndoo yangu ya kuogea, akaikalia. "Haya, mgeni wa ndoo nimefika."

Wakati huo nilikuwa mwalimu wa sekondari, kijana bado, nami nilikuwa nimekwisha kuamua kwamba sitasubiri umri wa kustaafu wa serikali ndipo nipumzike. Hatukuwa na simu za kutuonyesha watu wa mataifa ya mbali wanaoacha kazi nywele zao zikiwa nyeusi. Wazo hilo nililiokota vitabuni, nikalishika kwa ukali wa mtu anayedhani amegundua jambo peke yake. Nililala mkekani. Nilikula ugali kwa kisamvu na kwenda kazini kwa miguu. Wenzangu waliohamishiwa kwetu kutoka mikoa mingine walipojaza nyumba zao makochi, mimi nilipanda mikorosho Mandawa, ili inilishe baadaye. Baadhi ya walimu walisema nimelogwa. Wengine walisema nina mke wa siri Masasi. Sikuwajibu. Akiba haiozi, nilijiambia, na mpaka leo sijaona sababu ya kuikana methali hiyo. Hati ya kusafiria nilikuwa nayo, na barua ya kuacha kazi nilikwisha kuiandika. Mvua zikikatika mwezi Mei ningevuka Ruvuma niingie Msumbiji, kisha Malawi, kisha Zambia, na kuendelea mbele bila kurudi kwa miaka.

Somoe alikuja kunieleza kwamba mwanawe Bakari angeingia jandoni mwezi Juni, shule zikifungwa. Huenda wewe umekulia mjini na hujui: kwetu, siku hiyo mtoto wa kiume huwa wa mjomba kuliko alivyo wa baba yake. Mjomba ndiye hutoa neno la kumruhusu aingie, na mjomba ndiye humpokea akitoka, akamtaja jina lake mbele za watu. Somoe hakuwa na kaka mwingine. Nisipokuwapo, Bakari angebaki nyumbani wenzake wakiingia, au angepokewa na mtu wa kuazima.

"Mpelekeni hospitali," nilimwambia. "Kutahiri ni kutahiri."

Alinyanyuka, akairudisha ndoo mahali pake taratibu kabisa. "Hospitali ipo, kaka. Ila hospitali haina ujomba." Akaenda zake. Mihogo aliniachia.

Wiki haikuisha nikaitwa Chinongwe kwa Mzee Athumani, kaka wa marehemu mama yetu. Nilimkuta akikung'uta ufuta juu ya turubai. Alinipa mganda nikung'ute pamoja naye, maana hakuwa mtu wa kuzungumza na mwenye mikono mitupu.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, msafiri. Nasikia umekuwa fakiri. Hata kiti huna."

"Naishi kwa uchache, mjomba. Nataka niwe huru mapema."

"Vizuri. Hata mimi sikutaka kufia kwenye jembe la mtu. Hebu nijibu hili: siku ulipotoka jandoni wewe, nani alikushika mkono?"

"Mzee Chande, jirani yetu."

"Na mjomba wako alikuwa wapi?"

"Ulikuwa Tanga, mjomba. Kwenye mkonge."

"Nani alinizuia kurudi?"

Nilikung'uta mganda wangu. Akajijibu mwenyewe, mikono yake ikiendelea na kazi.

"Hakuna. Habari nililetewa, na nauli nilikuwa nayo. Niliona raha ya kuwa mahali ambapo hakuna anayeniita mjomba. Nikadhani huko ndiko kupumzika. Niliporudi nilikukuta kijana, umekaa barazani kwa mama yako. Ukanisalimia ukiitazama miguu yangu. Umeitazama miguu yangu miaka mingi, mpwa wangu. Sikukulaumu, hukunijua."

Akautupa pembeni mganda uliokwisha, akachukua mwingine.

"Nenda Msumbiji. Nenda mpaka Uhindini ukitaka. Kazi ya serikali unaweza kuiacha hata kesho. Ujomba haustaafiwi."

Nilirudi Nachingwea, nikaiweka ile barua mpaka Juni ipite. Siku wari, wale vijana wa jandoni, walipotolewa, wakiwa wamepakwa mafuta na kuvikwa nguo mpya, Bakari aliletwa mbele yangu akiwa ameinamisha kichwa kama mila inavyotaka. Nilimwinua kidevu, nikamtaja jina lake. Akanitazama usoni. Mzee Athumani alikuwa amesimama nyuma yangu, na sikugeuka kumwangalia.

Kisha nikaacha kazi, nikaenda. Sijutii. Nimeishi kwa begi moja katika nchi ambazo zamani nilizifundisha kwenye ramani tu, nikila walichokula wenyeji na kutembea walipotembea. Huko Nampula mzee mmoja wa Kimakua, nilipomwomba mahali pa kulala, hakuniuliza nafanya kazi gani wala nina nini. Aliniuliza: "Wajomba zako ni akina nani?" Nikamtajia. Akanitandikia mkeka, nikakaa kwake mpaka mavuno. Nilifikiri sana usiku ule juu ya jibu ambalo ningelitoa kama ningeondoka Mei.

Wadogo zake Bakari walipofika umri wao, nilirudi kila mara, safari nyingine nikiikatiza katikati, na sitakudanganya kwamba nilirudi nikitabasamu siku zote. Lakini Mzee Athumani alipofariki nilikuwa India, na maiti wetu hawasubiri ndege. Bakari ndiye aliyeingia kaburini kumpokea, mahali ambapo palikuwa pangu. Somoe aliniambia baadaye kwamba hakuna aliyeuliza mwalimu yuko wapi. Bakari alikuwapo, na kwa watu wa Chinongwe hilo lilikuwa sawa na mimi kuwapo.

Sasa nisikilize, mwanangu. Nawaona vijana wa Ruangwa na Nachingwea mkitazama kwenye simu watu waliostaafu mapema wakizunguka dunia, na wazee wenu wakiwaita wavivu. Mimi siwaiti hivyo. Kula kidogo, vaa kidogo, kataa makochi ya kushindana na jirani, panda mikorosho yako mapema, na siku ikitosha, acha kazi bila kumwogopa mtu. Dunia ni pana na miguu huzeeka. Lakini uchache ni wa vyombo. Ukianza kuwahesabu dada zako na watoto wao miongoni mwa mizigo ya kupunguza, huo si uhuru. Ni uchoyo uliovaa kanzu ya kiasi, na utasafiri nao kokote uendako. Kabla hujakata tiketi, jua ni nani anayekungoja na kwa jambo gani. Litimize, kisha nenda. Likiitwa jina lako tena, rudi.

Nyumba yangu Mandawa bado haina vitu. Ina mkeka, ina vitabu, na ina kiti kimoja ambacho mimi sikikalii. Somoe akija hukikagua kwanza, akakitikisa miguu yake kama mnunuzi sokoni, ndipo akakaa.

Mola akupe miguu myepesi ya kwenda, mwanangu, na uso wa kurudi nao. Na siku utakayorudi, akupe watakaokutazama usoni.