Paa la Mchoro wa Kwanza

Nililitambua paa kabla sijaliangalia jengo. Dada yangu alikuwa ameniomba nimchukue mtoto wake chekechea, kule mtaa wa Pioneer, na pale langoni nikasimama. Paa lilikuwa limeinama kwa ndani pande zote mbili, maji yakutane kwenye gata moja pana katikati. Lilikuwa paa langu. Nililichora mimi.

Nilisomea uhandisi wa majengo. Mwaka wa mwisho kila mmoja wetu alitakiwa kubuni jengo zima peke yake, kuanzia msingi hadi bomba la mwisho, kisha alitetee mbele ya jopo la wahadhiri. Langu lilikuwa shule ya chekechea, na nilijiona nimeleta maajabu: paa linalokusanya maji ya mvua lenyewe! Msimamizi wangu, mhadhiri niliyemwamini kuliko hata wazazi wangu, alilisifu mpaka nikavimba kichwa. Akaomba nakala ya michoro yote, eti ya kumbukumbu za idara.

Wiki mbili kabla ya kutetea, mvua ya mawe ilinikuta nyumbani kwetu Yamumbi. Sisi wa Eldoret tunaijua mvua hiyo. Ikiisha, tunatoka kutazama mahindi yalivyochanika majani, halafu tunafagia barafu mlangoni kwa ufagio. Nilikuwa nafagia hivyo akili iliponirudi. Barafu yote hii ingeenda wapi juu ya paa langu? Ingeteremka katikati, izibe gata, ikae pale na uzito wake wote juu ya vichwa vya watoto. Nilikaa kitako kwenye ngazi nikaona aibu.

Nilimwendea msimamizi. "Daktari, paa iko na makosa."

"Wacha tu hivyo," akasema. "Hiyo jopo haitajua."

Sikuacha. Nilichora upya, paa la kawaida linalomwaga maji nje, nikaandika sura nzima kueleza nilivyokosea. Ukiniuliza mradi ule ulinipa nini, sitakutajia cheti. Ulinifunza kuishuku kazi yangu kabla haijaua mtu. Msimamizi alitia sahihi kwamba ameisoma yote, nami mjinga nikamshukuru huku machozi yananitoka.

Sasa nilikuwa nautazama mchoro wa kwanza, umejengwa kwa mawe na mabati mapya. Nakala yake alikuwa nayo msimamizi peke yake; aliwapa watu mchoro wangu kama wake. Wizi wenyewe ningeumeza, wanafunzi wengi huumeza. Kilichonikata maini ni kwamba ile sura hakuisoma. Nilimpigia simu palepale, nikamwambia nilichokuwa nakiona.

"Si ufurahi? Kazi yako imesimama," akasema.

"Daktari, mvua ya mawe ikinyesha gata itaziba. Watoto wako chini yake."

"Kwani nani amekwambia hiyo ni yako? Iko na jina lako?" Akakata simu.

Mawingu yalikuwa yameanza kuwa meusi upande wa Kaptagat, kama kila alasiri ya msimu huo. Niliingia ofisini nikamkuta mwalimu mkuu, mama mpole aliyekuwa akisahihisha daftari, nikamwomba awatoe watoto katika darasa la katikati mvua isije ikawakuta humo. Nikamwambia pia kwamba paa lile halifai, libomolewe.

"Daktari aliyetuchorea alituambia amelifanyia hesabu zote," akasema. "Wewe umejuaje iko na makosa?"

Ningeweza kumwambia mimi ni mhandisi, basi. Lakini nani hubomoa paa jipya kwa neno la mpita njia? Na tangu nikiwa mwanafunzi nilikuwa nimeingoja siku nitakayosimama ndani ya jengo na kusema hili ni langu.

"Kwa sababu ni mimi nililichora, Mwalimu," nikasema. "Na nilikosea."

Aliweka kalamu chini, akanitazama jinsi mtu anavyomtazama mwizi, kisha akatoka kwenda kuwahamisha watoto.