Nilipotafsiri Nikiwa Nimegeukia Ukuta

Siku yangu ya kwanza katika mahakama ya Kisii, miaka michache baada ya Uhuru, sauti haikutoka. Nilikuwa kijana mwenye haya kutoka Manga, nimemaliza shule ya msingi tu, na kazi niliyopewa ilikuwa ukalimani: kugeuza Ekegusii cha mshtakiwa kuwa Kiswahili cha hakimu, kisha kumrudishia mshtakiwa maneno ya hakimu. Inspekta wa polisi aliyeendesha mashtaka alinitazama akacheka.

"Kijana, unatafsiri ama unaomba dua? Hata nzi wa hapa hawakusikii."

Hakimu wangu wa kwanza, mtu wa Pwani mwenye subira, aliniita ofisini jioni. Alisema nisiogope, sasa tuna katiba. Mtu ambaye kesi yake inachelewa aachiliwe kwa dhamana yenye masharti ya kadiri. Faini isipite ile iliyowekwa na sheria. Na hakuna atakayepewa adhabu ya kinyama au ya kumdhalilisha. Nilirudi nyumbani nikamweleza mama kila neno. Nilijivuna kana kwamba niliiandika mimi.

Hakimu huyo alihamishwa, akaja wa pili, mtu wa maneno machache. Mbele yake waliletwa Onkoba wa Mosocho na mwanawe Mokua, aliyekuwa ameoa juzi tu. Walishtakiwa kwa wizi wa ng'ombe. Dhamana ilitaka mdhamini mwenye hati ya shamba, na majirani zao wengi walikuwa bado hawajapata hati. Basi wakakaa mahabusu. Huko ndiko Onkoba alikoniuliza ukoo wangu. Nilipomtajia, aliitikia kwa kichwa.

"Kumbe sisi ni wa mlango mmoja. Mimi ni baba yako, wewe."

Tangu siku hiyo nikamwita Tata, yaani baba, kama kwetu anavyoitwa kila mwanamume wa ukoo aliye wa rika la baba.

Walipatikana na hatia. Hukumu ilikuwa kifungo na viboko, kila mmoja. Nilitafsiri, na bado nilidhani neno viboko ni la kwenye karatasi. Siku ya kuchapwa nikaitwa jela, kwa sababu sheria ilitaka daktari awepo, na daktari hakujua Ekegusii.

Niliwakuta uani, karibu na fremu ya mbao ambayo mtu hufungwa kwayo mikono na miguu. Sajini wa jela alikuwa amewaamuru wote wawili wavue suruali. Mokua alikuwa amefumba macho kwa nguvu. Kwetu kuna chinsoni, heshima ya kuoneana haya: baba haingii nyumba ya mwanawe aliyeoa, na mwana haoni kamwe uchi wa babake. Jambo hilo likitokea, ni balaa la nyumba nzima.

Onkoba alikuwa ameshikilia mshipi wake. "Waambie vya Mokua nivichukue mimi," alisema. "Vyote. Lakini wamtoe hapa."

Nilitafsiri. Sajini akaguna. "Hapa si harusini. Watachagua na viti?"

Sijui miguu yangu ilitoa wapi ujasiri. Nilikimbia hadi ofisi ya hakimu, nikasema katiba inakataza kudhalilisha mtu.

"Inakataza," alinijibu. "Lakini kifungu hichohicho kinaruhusu adhabu zilizokuwa halali kabla ya Uhuru. Viboko vilikuwa halali."

Hakimu wangu wa Pwani hakuwa amenisomea sehemu hiyo.

"Siombei viboko, Mheshimiwa," nikasema. "Naombea macho." Nikamweleza habari ya chinsoni.

Aliweka kalamu chini. "Kutazamana hakumo katika hukumu yangu. Mwambie Sajini kila mtu peke yake."

Mokua akapelekwa nyuma ya jiko la jela. Nilipumua, nikifikiri tumeshinda. Ndipo daktari akaniita. "Mkalimani, sogea. Muulize kama kifua kinamuuma."

Onkoba alikuwa ameshavuliwa suruali na kufungwa kwenye fremu. Alinigeuzia uso, akasema taratibu, "Na wewe je, mwanangu?"

Nilikuwa nimejisahau. Niligeuka haraka, nikaweka paji la uso kwenye ukuta wa mawe. Sajini alinifokea, lakini daktari akasema, "Mwache. Masikio yanatosha."

Basi nikatafsiri nikiuambia ukuta. Kiboko kililia nyuma yangu. Daktari akauliza kama mtu anaweza kuendelea.

"Tata, unaweza kuendelea?"

"Waambie waendelee."

Nami nikawaambia waendelee, kwa sauti iliyosikika uani kote. Inspekta angeisikia asingecheka tena.

Nilihamishiwa Nyamira, nikahudumu chini ya mahakimu wengi, nikarudishwa Kisii. Viboko vya mahakama vimekwisha kufutwa, na wakalimani vijana wananiuliza kama kweli vilikuwapo. Nawajibu kwamba sheria ilijali kuuliza habari za kifua cha mtu, lakini haikuwa na swali la kuuliza ni mwana wa nani amesimama uani.

Wiki niliyostaafu nilipita Mosocho. Onkoba, sasa mzee wa mkongojo, aliniona kutoka ng'ambo ya barabara. Hakuvuka. Alisimama palepale, mbali kidogo, kama baba anavyosimama mbele ya mwanawe mtu mzima.

"Mwanangu," aliita, "kwako ni wazima?"

"Wazima, Tata."

Nilimjibu nikiwa nimeinamisha macho.