Orodha ya Tochi ya Mama Primus

Watu wa barabara ya Moshi kwenda Arusha walimjua Kornelia kwa jicho lake. Meza yake ya ndizi ilikuwa chini ya Masama, kando ya lami, tangu ule mwaka alipoona kahawa haina tena bei, akang'oa mistari mitatu ya mibuni aliyoiacha marehemu mumewe na kupanda migomba. Shule aliishia darasa la nne. Alikuwa mama wa hofu. Mtoto akikohoa, yeye alishamwona kitandani hospitali. Gari likipiga breki, alishasimama. Na kwa kuwa mwanawe pekee, Primus, alikuwa dereva, hofu hiyo haikukosa kazi.

Mwaka 2004 Primus alikabidhiwa gari dogo jeupe, mtumba wa Japani, abebe wageni kati ya Moshi, uwanja wa ndege na Arusha. Kwenye dashibodi palikuwa na kioo kama televisheni ndogo. Ukiwasha gari, mwanamke aliongea Kijapani, na kiooni gari lilionekana limeelea katikati ya bahari.

"Anasemaje?" Kornelia aliuliza siku alipoletewa gari alione.

"Anasema shikamoo mama."

"Toka hapa. Na hapa tulipo anapajua?"

"Hapajui hata kidogo. Ila Gidioni anasema huko kwao kioo hiki wanakilisha orodha ya kamera zote za polisi. Ukikaribia kinalia. Unapunguza, unapita kama padri."

Gidioni alikuwa fundi umeme wa magari mjini Moshi. Kioo kilimshinda, lakini alikuwa na orodha yake mwenyewe: karatasi iliyopigwa chapa na kutolewa fotokopi, yenye sehemu arobaini ambazo trafiki hutega tochi, kile chombo chao cha kupimia mwendo. Madereva waliigombania. Primus naye akaipata, akamwonyesha mama yake.

Kornelia aliisoma kwa kidole, akacheka.

"Huyu kaandika akiwa amekaa gereji. Hapa darajani hawajasimama tangu mvua za mwaka jana. Na pale kwenye mti wa mringaringa wanakaa asubuhi tu. Saa nne kivuli kinahama, na wao wanahama. Trafiki ni mtu, Primus. Jua linamchoma kama wewe."

"Basi niandikie ya kwako tuone."

Hakuhitaji kuambiwa mara mbili. Siku hizo wenye meza wengi wa barabara ile walikuwa na simu, na asiye na salio aliweza kubipu. Kornelia akapatana nao: tochi ikisimama kwako, nibipu mara moja, ikiondoka, mara mbili. Kila bipu aliandika daftarini mahali, siku na saa. Mektrida, muuza nyanya wa meza ya jirani, rafiki yake tangu watoto wao walipobatizwa Jumapili moja, alimchungulia begani.

"Mama Primus, unatafuta usajenti?"

"Kofia tu imebaki."

"Basi andika na pale mfereji unapokata barabara. Tunavuka na ndoo, na magari yanatoka konani kama yamefukuzwa na nyuki."

"Pale hakuna tochi."

"Kwani tochi ndiyo inayogonga watu? Andika."

Kornelia akaandika. Akaongeza shule, akaongeza wanapovushwa ng'ombe. Baada ya wiki mbili daftari lilikuwa na mistari ishirini na sita.

Primus alizijaribu orodha zote mbili kwa siku saba. Ya Gidioni ilimpunguzisha mwendo mahali patupu, na Jumatano ikamwingiza mikononi mwa trafiki akiwa anapiga mluzi. Ya mama yake haikukosea hata mara moja. Lakini alirudi akilalamika.

"Yako ni ya kweli, Mama, ila ni ndefu. Nina mgeni anawahi ndege, nitasoma risala? Toa mambo ya ng'ombe na mfereji. Niachie tochi tu."

"Na watu je?"

"Watu nawaona. Anayejificha ni trafiki. Au nirudi kwa Gidioni? Yake imepigwa chapa, inasomeka."

Angeweza kusema hapana. Hofu yake yote ilikuwa inamsukuma aseme. Lakini kwa miaka mingi mwanawe alikuwa akimwambia, "Mama, acha kuogopa ovyo," na leo, kwa mara ya kwanza, macho yake yalikuwa yameishinda karatasi ya fundi wa mjini. Alitaka achaguliwe yeye. Akakaa, akanakili upya kwa herufi kubwa, mistari kumi na mmoja, tochi tupu. Alipofika kwenye mfereji kalamu ilisita. Mektrida alikuwa palepale jirani, anapanga nyanya mafungu mafungu, hana habari. Kornelia akauruka ule mstari. Primus akaibandika karatasi juu ya kioo cha Kijapani, akambusu mama yake shavuni, akaondoka.

Miezi miwili mambo yalikwenda vizuri. Kisha ikaja Alhamisi moja, saa tano asubuhi. Trafiki walikuwa kivulini, karibu na meza. Primus aliwapita taratibu, akampungia mama yake, na alipowaacha nyuma akakanyaga mafuta kufidia muda. Mbele ni kona. Baada ya kona ni mfereji. Mektrida alikuwa anavuka na karai la nyanya alizotoka kuziosha.

Kornelia alisikia breki, akasimama kama alivyozoea. Safari hii hakukaa tena.

Primus hakukimbia. Alikilaza kiti cha mbele, akamweka Mektrida, akampeleka hospitali mwenyewe. Mguu ulikuwa umevunjika mahali pawili.

Kesho yake Kornelia alifika wodini na chupa ya mtori, supu ya ndizi. Akamnywesha kijiko kwa kijiko, akamwelezea nani kashika meza yake na nyanya ngapi zimeoza. Mektrida alinywa, kisha akamtazama.

"Mama Primus, huna kitu unataka kuniambia?"

"Nikuambie nini zaidi ya pole, mwenzangu?"

"Haya," Mektrida akasema, akageukia ukutani. "Mtori umepoa."

Mguu ulipoanza kukanyaga chini, ukoo wa Primus ukapeleka isale. Kwa Wachagga jani hilo ndilo ombi la msamaha. Likishafika mlangoni kwa mtu, si desturi kulikataa. Wazee wawili walitangulia, Primus akafuata amelishika kwa mikono miwili, na nyuma yao Kornelia na kibuyu cha mbege, pombe ya ndizi. Mektrida alilipokea bila kusitasita.

"Nimekusamehe, mwanangu. Ulinigonga, na ukanibeba. Usirudie kukimbiza gari namna ile."

Wazee wakafurahi, mbege ikamiminwa. Kornelia alihisi jiwe limemtoka kifuani. Akasogea kusaidia kuosha vyombo nyuma ya nyumba, na Mektrida akamfuata na fimbo yake.

"Lile ni isale la Primus," alisema kwa sauti ya chini. "La kwako liko wapi?"

Kornelia akaliweka bakuli chini.

"Nilikaa kiti cha mbele, Mama Primus. Nilikuwa natafuta kitu cha kutazama ili nisipige kelele. Nikaona mwandiko wako. Nikausoma wote, kutoka juu hadi chini, nikatafuta mfereji wangu. Nikaanza tena juu. Haukuwepo."

"Aliniambia ni ndefu..."

"Nilikuuliza hospitali."

"Niliogopa. Nitakuletea. Kesho asubuhi nakata, nakuja peke yangu."

Mektrida alitikisa kichwa, bila hasira. "Isale haliombwi na aliyeumia. Nimeshakukumbusha, sasa ukileta, utakuwa umenitii tu."

Kornelia alilikata hata hivyo. Alfajiri alitoka nalo, akafika mferejini, akasimama mpaka jua likapanda, akarudi nyumbani. Siku ya pili alifanya vilevile. Siku ya tatu hakutoka.

Mektrida aliporudi kazini alipanga meza yake ng'ambo ya barabara. Anachechemea, na kuvuka kwake ni kwa taratibu. Kila anapobeba ndoo kwenda mferejini, Kornelia huacha ndizi zake, hukimbia hadi konani, husimama katikati ya lami na kuinua mkono, na magari husimama. Madereva humtukana, wengine humcheka. Mektrida huvuka bila haraka, na akimpita husema, "Asante, mama," kama anavyomwambia mwanamke yeyote asiyemjua.

Kwa jina la Mama Primus hajamwita tena.