Fomu Mbili, Mwandiko Mmoja

Nina steshenari ndogo mjini Nachingwea. Mwaka ule wa uchaguzi wa vitongoji, baba alikuja dukani asubuhi na fomu yake ya kugombea uenyekiti, akaniomba nimjazie kwa kuwa macho yake yamechoka. Nikamjazia. Mchana akaja shangazi, mdogo wake tumbo moja, naye ana fomu. Ya chama kingine. Kitongoji kilekile chetu cha upande wa Chiola, kiti kilekile.

Nilimuuliza kama baba anajua. Akasema atajua tu.

Baba ameongoza pale tangu enzi za chama kimoja, kwanza balozi wa nyumba kumi, baadaye mwenyekiti. Nilipokuwa mdogo, karatasi ya kura ya rais ilikuwa na picha ya mtu mmoja upande mmoja na kivuli upande wa pili, na baba ndiye aliyewaelekeza wazee kwa Kimwera namna ya kuweka alama. Vyama vingi vilipokuja, alivikubali kama mvua ya wilaya nyingine: vipo, vinyeshe hukohuko. Kitongojini kwake kila mara alipita bila kupingwa.

Basi nikamjazia na shangazi, kalamu ileile. Kwenye kazi niliandika "mkulima wa korosho na ufuta" kama nilivyomwandikia baba, maana wanalima shamba moja la urithi. Nikatoa kopi za fomu zote mbili, nikaziweka kwenye faili, kama ninavyofanya kwa kila mteja.

Siku mbili baadaye majina yakabandikwa. Shangazi ameenguliwa. Sababu: fomu iliuliza kazi, yeye ametaja na mazao. Baba amepita bila kupingwa.

Nililisoma lile tangazo mara tatu.

Msimamizi wa kupokea rufaa hakuwepo. Tukaambiwa ameenda msibani Ruangwa, na bila yeye hakuna wa kugonga muhuri. Mwisho wa rufaa ulikuwa kesho yake. Tukachukua bodaboda, tukakaa mshikaki mimi na shangazi nyuma ya dereva, tukafika Ruangwa nyusi zimejaa vumbi. Tulimkuta amekaa mkekani na wafiwa. Sasa utamwendeaje mtu msibani na fomu? Tukatoa pole, tukaenda upande wa wanawake, nikamenya vitunguu vya msiba wa mtu nisiyemjua, nimenuna mpaka jirani yangu akadhani mimi ni ndugu wa karibu.

Baada ya maziko nilimfuata. Nikamwekea kopi mbili mbele yake. Alizisoma taratibu, kisha akauliza ile ya pili ni ya nani.

"Ya baba yangu."

"Unataka nimwengue na baba yako?"

"Nataka maneno yaleyale yawe na maana ileile."

Alizikunja kopi zote mbili, akazitia mfukoni. Kesho yake jina la shangazi likarudishwa.

Baba aliposikia nimeipeleka fomu yake Ruangwa, hakunisemesha tena hadi siku ya kura. Kampeni hakufanya, alisema watu wote wanamjua. Shangazi alizunguka nyumba kwa nyumba, mpaka kwa wafugaji waliohamia kutoka Kanda ya Ziwa, ambako baba alikuwa hajawahi kufika ila kulalamikia ng'ombe walioingia kwenye ufuta.

Baba alishinda. Kwa kura chache, lakini alishinda. Nikadhani yameisha.

Badala ya kufurahi, akaanza kuwatafuta waliomnyima kura. Nilimwambia kura ni siri. Akasema siri ya nini kwa mtu aliyewazika wazazi wao. Alizunguka wiki nzima akiwahoji watu mashambani, na mimi nikipokea simu za malalamiko. Mwisho akamwendea mfugaji mmoja na kumuuliza uso kwa uso. Yule hakuficha.

"Mzee, mwenzako alikuja kuniomba. Wewe hukuja."

Baba alinisimulia mwenyewe, amekaa dukani, fimbo katikati ya magoti. Sijawahi kumwona ameduwaa namna ile.

"Yaani miaka yote hii nilitakiwa kuomba?"

Nikamwambia ndiyo, baba. Akanitazama kama nimemtukana, akaondoka bila kuaga.

Sasa kila mkutano wa kitongoji shangazi anakaa mbele na kuuliza habari za kisima kibovu. Baba akirudi anakuja kwangu kulalamika kwamba anasumbuliwa. Shangazi naye anakuja kuchapa barua za kumsumbua. Wiki iliyopita walikutana dukani wakabishana juu ya pampu ya kisima hicho hadi wateja wawili wakaondoka. Baba alidai fundi ameshaitwa. Shangazi akataka kujua aliitwa lini, na nani. Baba akatoa simu mfukoni na kuniomba nimtafutie namba ya fundi.