Mashahidi wa Kadi

Jumatatu, kwenye dirisha la benki moja hapa mjini Baraka, Fizi, mama fundi wa kushona aliweka juu ya kaunta cherehani inayotosha kiganjani. Aliinunua kwenye mtandao kwa kadi, na tangazo lilionyesha cherehani kubwa ya kukanyaga kwa mguu. Sasa alitaka benki imsaidie kurudishiwa pesa zake.

"Uko na ushahidi gani, mama?" karani akauliza.

"Niko na bashahidi babili."

Shemeji yake na jirani wakasimama kutoka kwenye benchi. Aliwaita siku ya kulipa, kama tunavyofanya tukinunua kiwanja. Jirani akatoa simu yenye picha ya tangazo. Karani akaitikia kwa kichwa, maana muuzaji alikuwa ameshalifuta tangazo lenyewe, ikabaki picha hiyo tu.

"Na mi niliona namba zote za karte," shemeji akasema kwa fahari, akaanza kuzitaja namba hizo za kadi kwa sauti. Foleni nzima ikasogea kusikiliza.

"Nyamaza, papa!" Karani alipitisha mkono dirishani amzibe mdomo. "Mama, tunafunga hii karte kwanza, kisha tunaandika malalamiko."

Sisi wa Fizi tumezoea kununua mbele ya watu. Kwa kadi, shahidi na aangalie tangazo, bei na jina la muuzaji, halafu ageukie ukuta namba zinapoandikwa.

Malalamiko yalipokelewa. Shemeji akainama dirishani, akamnong'oneza karani:

"Na zile namba tatu za nyuma ya karte, hauzitaki?"