Gari ya Mwenye Ploti na Kifua ya Mama Mkwe

Nyinyi mmekaa hapo kwa mawe, sogeeni. Na wewe na jerikeni yako, weka chini, maji haitakimbia. Nyote mnajua mimi huosha magari hapa stage ya 56, Kawangware. Mnajua pia huwa naongeza chumvi. Hii ya leo nimeipunguza, maana nikiisema yote vile ilikuwa, hata mimi nitajiita mwongo.

Ilikuwa zile wiki za fujo za baada ya kura, mwaka ikianza. Mnakumbuka vile tulikuwa tumechoka? Si kuchoka ya kazi, kazi haikuwa. Ilikuwa kuchoka ya kukaa macho, ya kusikiza kila mlango ukigongwa. Mimi nilichoka mpaka kivuli yangu ilikuwa inakaa chini kabla yangu. Unga hakuna, kredo ya simu hakuna, mafuta hakuna. Drum yangu ya kuoshea magari ilikauka mpaka mjusi akahamia ndani na familia yake yote.

Bibi yangu alikuwa Makina, kule Kibera, kwa dada yake. Alikuwa ameenda Krismasi kumwona mama yao, ambaye alikuwa ametoka Kitui kuwatembelea. Wakakwama. Kutoka hapa mpaka Makina kwa mguu ni kitu saa moja, lakini hizo siku Makina ilikuwa mbali kuliko hiyo Kitui yenyewe.

Sasa asubuhi moja simu ikalia. Ni bibi.

"Baba watoto, mama hapumui. Ni hii moshi ya tairi, na jana polisi wametupigia tear gas mpaka ndani ya nyumba. Ile dawa yake ya kuvuta imeisha, na huku kila duka ya dawa imefungwa. Tutamtoa na mguu mpaka Ayany, hapo nje ya Kibera. Tafuta gari, baba watoto. Usipoku..."

Kredo ikaisha.

Mama mkwe yangu ana pumu. Na kliniki ambayo nilijua iko wazi ni hii yetu hapa, karibu na saluni. Nilikuwa na miguu miwili na slippers moja nzima. Nikaenda kwa mwenye ploti, yule tunamlipa kodi ya nyumba.

Mnamjua mwenye ploti wetu, alizaliwa hapa kabla hapa ijengwe. Na mnajua gari yake ya hizo siku: ile nyeusi ya Japani, ya turbo, bonnet imetobolewa tundu ya kuvuta hewa, exhaust mdomo kama sufuria. Ikipita kanisani pasta anangoja imalize ndio aendelee na maombi. Alikuwa ameificha nyuma ya nyumba, ameifunika mabati na magunia. Yeye mwenyewe hangeweza kwenda upande wa Kibera. Kubeba kitambulisho yake kule, na jina inaonyesha kabila yake, ilikuwa kama kubeba kesi mfukoni. Mimi Mkamba, upande wowote nilikuwa nashukiwa nusu tu.

"Gari gani?" akaniuliza.

"Hii, mzee."

"Hii? Wewe? Unajua kuendesha?"

"Mzee, hii gari nimeendesha miaka tatu."

Na sikudanganya. Nimeiendesha miaka tatu, kutoka kwa drum mpaka kwa kivuli. Mita kumi kwenda mbele, mita kumi reverse.

Mzee akaanza kuzunguka hiyo magunia kama mtu anaaga maiti. Mama wa nyumba akatoka jikoni na kisu ya vitunguu.

"Mpatie funguo! Huyo mama akikufa na moshi, utaenda kuambia Mungu nini? Ati gari ilikuwa imetoka kuoshwa?"

Nikapewa. Mzee akanishika mkono, macho imejaa maji. Sijui ilikuwa kitunguu ama ni gari.

"Mafuta ni kidogo sana, na hakuna petrol station imefungua. Ukienda pole itakupeleka na kukurudisha. Ukikanyaga, utarudi ukiibeba."

Haya. Nikawasha. Nikaweka gia kwa D, ile inajibadilisha yenyewe. Nikagusa accelerator na kidole ya mguu, nimesema kugusa, kama vile unagusa uji ujue kama iko moto. Ngai! Hiyo gari iliruka kama mbuzi imeona kisu. Mabati, gate, kuku, zote nikaziacha nyuma zikiwa bado zinauliza ni nani amepita.

Nikatoa mguu. Kumbe hiyo ndiyo makosa. Ukitoa mguu inajishika yenyewe, kichwa yako inaenda kusalimia usukani. Ukigusa, inaruka. Ukitoa, inafunga. Na gia haibadilishi! Mimi huwa nasikia magari ya watu wakitoka hapa: vuum, inabadilisha, inatulia. Hii ilishika gia ya pili ikakataa kuiachilia, kama mtoto ameshika mandazi. Engine inalia, mshale wa mbio za engine uko juu kabisa, turbo inapiga filimbi, na mimi naenda mwendo wa mkokoteni. Ikikubali kuingia ya tatu, nikigusa accelerator hata kidogo, inarudi ya pili na kelele.

Nikajua nimeharibu gearbox ya mtu. Na mshale wa mafuta, wacha niwaambie, niliuona ukishuka na macho yangu. Barabara ilikuwa tupu, mawe imetapakaa, tairi zinawaka pembeni. Watu wachache walikuwa wanatembea kando wamebeba magodoro. Wakisikia hiyo exhaust wanalala chini, wanadhani ni bunduki. Nilitamani kusimama niombe msamaha mmoja mmoja, lakini singewaacha wale wangu wakingoja.

Nikawapata Ayany, nje ya gate ya watu. Mama mkwe amekaa juu ya ndoo, amejifunika leso, mabega inapanda na kushuka. Kifua inalia kama mlango wa zamani. Bibi yangu amekonda mpaka nikamtambua na sauti.

"Hii gari ni ya nani?"

"Ingia kwanza."

Sasa hapo shida ingine. Wakamba mko hapa mnajua. Mama mkwe na mkwe hawakai karibu hivyo. Ukikutana naye kwa njia unatoka njia. Hamkuli pamoja, hamuangaliani, maneno inapitia kwa bibi. Ni heshima, tunaita nthoni. Miaka tisa nimemwoa binti yake na nilikuwa najua huyo mama kwa kisigino tu. Na hii gari ndani ni ndogo kama sanduku ya soda. Akaangalia kiti ya nyuma, akaangalia mbinguni, akaingia na mgongo kwanza ndio asinione. Akajifunika leso mpaka kichwa.

Nikagusa accelerator.

"Uuuwi!" Leso ikaenda huku, mama akaenda huku. Nikatoa mguu, gari ikajishika, paji lake la uso likagonga kiti yangu. Nthoni ya miaka tisa ikaishia hapo.

"Wewe mwanaume!" akaniambia mimi, straight, pumzi haipo lakini hasira ipo. "Wewe mwanaume, unataka... kuniua... kabla moshi?"

"Pole mama. Gari ni mgonjwa."

"Mgonjwa... ni mimi!"

Akaanza kukohoa. Hiyo kikohozi ilinitoa jasho kuliko mawe yote ya barabara. Midomo yake ilikuwa inabadilika rangi. Bibi akaacha kuongea, na bibi yangu akiacha kuongea jua mambo imefika. Nikaangalia mafuta: mshale umelala.

Bibi ndiye aliona. Yeye alifika darasa la nane, mimi shule nilipita nje nikielekea kwengine. Akaniuliza, "Hii kitufe hapa kwa gia, mbona inawaka? Imeandikwa SPORT. Kwani tunaenda mchezo?"

"Hiyo ni ya urembo."

"Urembo gani? Zima."

Akaifinya. Taa ikazimika. Na wallahi, kama vile mtu amemwagia hiyo gari maji ya baridi. Engine ikashusha sauti. Gia ikaingia ya tatu, ikaingia ya nne, bila kuulizwa. Ule mshale wa engine ukashuka ukatulia. Nikagusa accelerator, gari ikaniangalia kwanza, ikafikiria, ndio ikasonga. Nikatoa mguu, ikaendelea kuteleza pole, hakuna kugonga mtu kichwa. Kumbe gearbox ilikuwa mzima! Ni hiyo kitufe ilikuwa inaiambia shikilia gia ya chini, lia, kaa tayari kwa mbio. Na inaambia accelerator, huyu akikugusa kidogo wewe toa yote.

Halafu nikajua ni nani aliiwasha. Ni mimi. Kila Jumamosi nikimaliza nje, naingia ndani na kitambaa na ile mafuta ya kung'arisha, nasugua dashboard, nasugua gia, nafinya kila kitufe iwe safi mpaka kwa mizizi. Jumamosi moja nafinya inawaka. Jumamosi ingine nafinya inazima, na inabaki vile nimeiacha hata engine ikizimwa. Na mzee kila wiki ananiletea ripoti: "Leo umeosha vizuri, gari iko na nguvu!" Wiki ya pili: "Leo umekuwa mvivu, gari imelala." Na mimi nikaamini! Nikaanza kuambia watu maji yangu inaongeza nguvu. Watu walikuwa wanatoka mpaka mtaa wa Satellite kupanga laini, niwaoshee magari iende mbio. Miaka tatu! Nilicheka peke yangu kwa usukani, cheko ya mtu hajalala, ile ukianza haujui kama unacheka ama unalia.

Bibi akanigonga bega. "Mama amenyamaza."

Nikaacha kucheka. Nikaenda. Polepole, kimya, gia ya juu, kama vile unabeba mayai. Nilikuwa naongea na mafuta: tafadhali, kona moja, kona ingine tu. Nyuma nilisikia ile kifua ikivuta, ikingoja, ikivuta. Kila ikingoja, na mimi nangoja.

Tulifika pale mwanzo wa Kawangware, kuna mawe yamepangwa barabara nzima na wanaume kama kumi. Na hapo hapo mbele ya mawe, mafuta ikaisha. Gari ikazimika yenyewe. Wao walidhani nimesimama kwa heshima.

Mmoja akaja na rungu, macho nyekundu, amefunga kitambaa kichwani.

"Mnatoka wapi? Kitambulisho."

Nikafungua mdomo. Hakuna kitu ilitoka. Nilikuwa nimechoka mpaka uongo ilikuwa imeisha, na nyinyi mnajua uongo yangu haiishangi. Kwa hiyo kimya. Na katika hiyo kimya kila mtu akasikia ile kifua ya nyuma: hiiii... hiiii...

Huyo mwanaume akainama kwa dirisha akaangalia mama.

"Mathee wangu nyumbani ako hivyo, kifua hivyo hivyo," akasema. Akageukia wenzake. "Toeni mawe."

"Gari imeisha mafuta," nikasema.

"Ghai! Hii turbo?"

"Hii turbo."

Hawakucheka hata. Nadhani nao walikuwa wamechoka, wamechoka hata kukasirika. Waliweka rungu chini, wakatoa mawe, wakaja nyuma ya gari wakaegemea mabega. Wanaume kumi, moja, mbili, sukuma! Na hiyo gari yenye kelele kuliko zote Kawangware ikapita 56 kimya, mwendo wa harusi, mimi nimeshika usukani tu, watu wakichungulia kwa madirisha. Wakatufikisha mlango wa kliniki. Yule wa kitambaa akambeba mama mgongoni akamwingiza.

Akawekwa maski ya ile mashine ya mvuke. Tukasimama hapo, mimi, bibi, na hao wanaume wa rungu wamejaa mlangoni. Ile mlango wa zamani ya kifua ikalia, ikalia kidogo, ikaanza kutulia. Midomo ikarudi rangi. Bibi akakaa chini sakafuni kama gunia. Nesi akatoa maski, akapanguza mama uso.

"Mama, sasa unajisikia aje? Na hapo kwa gari, uliumia?"

Mama mkwe akavuta pumzi moja ndefu, akainua kidole akanionyesha mbele ya wote.

"Huyu? Pale tulisukumwa ndio pahali pekee ameendesha vizuri."