Vyuma vya Marehemu Nilivyovipaka Mafuta

Mchana walinibeba juu juu kwa shangwe. Kabla jua halijazama nilikuwa nimekaa sakafuni kituo cha polisi, pekupeku.

Usicheke. Yalinikuta.

Jirani yangu, mshona nguo, alishuka kwenye gari kutoa mzigo kwenye buti, milango ikajifunga yenyewe. Funguo zimebaki kwenye kiti. Na mwanawe mchanga yumo ndani, vioo juu, jua linachoma.

Watu wakajaa. Huyu anatafuta jiwe, yule anapiga simu. Mtoto alilia mpaka akanyamaza, na kile kimya ndicho kilichonitia kiwewe.

Nikakimbilia kwangu. Ukutani sebuleni kulikuwa na vyuma vya marehemu mume wangu, vimetundikwa kwenye misumari. Nikachomoa kile bapa, kirefu na chembamba. Nilishamwona akikitumia: unakiteremsha pembeni ya kioo, unapapasa, unavuta.

Tak! Mlango ukaachia.

Jirani akamnyakua mwanawe. Vigelegele! Kumbe kuna mtu alikuwa anarekodi, na muda si muda video ikawa kwenye kila simu. "Mama shujaa." Kichwa kikanivimba, sikatai.

Alasiri wakaja askari wawili. Nikajua nimeletewa hongera. Nikawavutia viti mwenyewe, nikawaonyesha na ukuta.

"Vya nani hivi, dada?"

"Vya marehemu mume wangu, afande. Alikuwa akiwafungulia watu waliosahau funguo ndani ya gari."

Mmoja wao akashusha bisibisi moja nene, iliyochongwa ncha.

"Na hii? Hii inavunja swichi ya kuwashia gari. Aliyesahau funguo anataka kufunguliwa mlango tu."

Haki ya Mungu, sikuwa najua.

Akapitisha kidole kwenye chuma, kikatoka kinang'aa mafuta.

"Marehemu alifariki lini?"

"Mwaka juzi."

"Mwaka juzi, na hakuna hata chembe ya kutu? Nani anavitumia?"

Ningesemaje? Kila Jumapili nilikuwa navishusha, navifuta kimoja kimoja kwa mafuta ya cherehani. Ndiyo ilikuwa namna yangu ya kukaa naye. Wenzangu huenda makaburini, mimi nilikuwa na kitambaa changu.

"Dada, kukutwa navyo tu ni kosa, labda uonyeshe vina kazi halali. Haya, eleza."

Nilieleza mpaka koo likakauka. Akaandika: anakiri kuvitunza. Wakanichukua na vyuma vyote hadi kituoni.

Tumaini langu likabaki kwa mama mkwe, ninayeishi naye. Yeye ndiye aliyepigilia ile misumari. Kila mgeni alipelekwa ukutani: "Kazi ya mwanangu hiyo!" Na kila Jumapili alinishikia chupa ya mafuta.

Akaitwa kituoni.

"Mama, hivi vyuma ni vya mwanao?"

Akaviangalia. Akaniangalia mimi. Akavuta mtandio begani.

"Mwanangu alikuwa fundi wa vitasa vya nyumba. Hivi sivijui."

"Mama!" nikapiga kelele. "Jumapili si wewe ulinishikia chupa?"

"Msamehe, afande. Msiba umemchanganya."

Kunikana kuliniuma, lakini kuna kilichoniuma zaidi. Miaka yote alijivunia vile vyuma mbele ya wageni. Kama hakujua vilifanya kazi gani, angejivunia na mbele ya polisi.

Alijua. Mume wangu alikuwa mwizi wa magari, mama yake alijua, mimi peke yangu ndiye niliyekuwa napaka mafuta bila kujua.

Sasa niko nje kwa dhamana, kesi inaendelea. Bado tunaishi nyumba moja. Hana pa kwenda, nami sina pa kumpeleka. Jumapili tunakaa sebuleni tunatazama misumari mitupu. Nikitaka kumchukia nashindwa. Nikitaka kumchukia marehemu, ndiyo nashindwa kabisa.

Yule mtoto ameanza kutembea. Akipita mlangoni kwangu hunipungia mkono.

Wewe unayesoma, ukiachiwa kitu na mtu uliyempenda, uliza kilikuwa cha kazi gani kabla hujakitundika. Mimi sikuuliza. Ila nakwambia ukweli, hata leo nikisikia mtoto kafungiwa ndani ya gari, nitakimbilia ukuta ule ule, na nitakuta misumari.